Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu David Blackwell, Mtakwimu wa Howard na Berkeley

David Blackwell alikuwa nani?

David Harold Blackwell alikuwa mwanahisabati na mtakwimu wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 24 Aprili 1919 na kufariki tarehe 8 Julai 2010 akiwa na umri wa miaka 91. Anayesomea takwimu chuo kikuu, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hukutana na jina lake kwenye kanuni ya Rao-Blackwell, njia ya kuboresha makisio yanayotokana na data. Hulikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita jina nalo hupita. Wengi hawajui hata kwamba alikuwa Mmarekani mweusi, wala kwamba makala iliyolipeleka jina lake vitabuni aliiandika akiwa mwalimu katika chuo cha watu weusi, kwa sababu vyuo vikubwa vya nchi yake havikuwa tayari kumwajiri. Mimi naona kumfundisha mtu kanuni hiyo bila kumtajia habari hizi ni kumnyima nusu ya somo.

Alilelewa wapi?

Centralia, mji mdogo wa kusini mwa jimbo la Illinois. Baba yake, Grover, alikuwa mfanyakazi wa reli ya Illinois Central, kazi yake ikiwa kuvishughulikia vichwa vya treni. Mama yake, Mabel, alilea watoto. Sehemu hiyo ya Illinois ilikuwa na shule zilizotenga watoto kwa rangi, lakini David alisoma katika shule iliyochanganya wote. Somo lililomteka lilikuwa jiometria. Hata hivyo hakuwa na ndoto ya uprofesa. Alipoingia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1935, akiwa na miaka 16, alikusudia kuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Ni kweli kwamba alipata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 22?

Kweli. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1938, ya uzamili 1939 na ya uzamivu 1941, zote hapo hapo Illinois. Msimamizi wake alikuwa Joseph Doob, mmoja wa waliojenga nadharia ya uwezekano ya karne ya 20, na tasnifu yake ilihusu minyororo ya Markov, yaani mifuatano ya matukio ambamo hatua ijayo hutegemea ile ya sasa tu. Alikuwa Mmarekani mweusi wa saba kupata shahada ya uzamivu katika hisabati.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo wanaosimulia habari zake hulipita haraka. Alipogundua kwamba baba yake alikuwa anakopa ili kumlipia ada, alimwambia aache, atajisomesha mwenyewe. Akaosha vyombo, akahudumia mezani, akasafisha vifaa vya maabara ya wadudu. Shahada ya kwanza aliimaliza kwa miaka mitatu huku anafanya vibarua hivyo.

Nini kilitokea Princeton?

Mwaka 1941 alipata ufadhili wa Rosenwald, akaenda kukaa mwaka mmoja katika Taasisi ya Masomo ya Juu iliyoko Princeton, mahali walipokuwa Albert Einstein na John von Neumann. Desturi ilikuwa kwamba wanaofika katika Taasisi hupewa pia hadhi ya wageni wa heshima katika Chuo Kikuu cha Princeton, kilicho jirani. Ilipofika zamu ya Blackwell, rais wa chuo alipinga na kuilalamikia Taasisi kwa kumleta mtu mweusi. Chuo kile hakikuwa na mwanafunzi mweusi wala mwalimu mweusi wakati huo. Mwenyewe mambo haya aliyajua baadaye.

Ndani ya Taasisi mambo yalikuwa tofauti. Von Neumann alimwambia aje amweleze tasnifu yake. Kijana akadhani ni maneno ya adabu tu, hakwenda. Baada ya miezi kadhaa von Neumann akamuuliza tena: mbona hujaja? Akaenda. Alieleza kama dakika kumi, von Neumann akauliza maswali machache, kisha yeye ndiye akaanza kumweleza Blackwell ni kitu gani hasa alichokithibitisha na njia nyingine ambazo zingemfikisha pale pale.

Inasemekana Berkeley walimkataa kwa sababu ya rangi. Ni uvumi?

Si uvumi. Mwaka 1942 Jerzy Neyman, Mpoland aliyekuwa anaijenga maabara ya takwimu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimfanyia usaili, akamtaka. Wakati huo takwimu ilikuwa chini ya idara ya hisabati, na mkuu wa idara alikuwa na kawaida ya kuwaalika walimu nyumbani kwake kwa chakula. Mke wake alisema wazi kwamba hatamkaribisha mtu mweusi nyumbani mwake. Ajira ikafia hapo. Hakuna aliyemwambia Blackwell kwamba hafai kielimu, kwa sababu hakuna aliyeweza kulisema hilo.

Hizo barua 105 ni zipi?

Wakati ule vyuo vya watu weusi Marekani vilikuwa takriban mia moja na vichache, na Blackwell aliona wazi kwamba ajira yake itatoka huko. Akaandika barua 105. Zilizorudi na kazi mkononi zilikuwa tatu: Southern University ya Louisiana, West Virginia State na Clark College ya Atlanta. Akafundisha mwaka mmoja Southern, mwaka mmoja Clark, kisha mwaka 1944 akaingia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na mwaka 1947 akawa mkuu wa idara ya hisabati. Mwaka huo huo wa 1944 alimwoa Ann Madison. Walizaa watoto wanane.

Howard alikaa miaka kumi. Idara ilikuwa ndogo, mzigo wa vipindi mzito, na utafiti haukutarajiwa na mtu yeyote. Humo humo alichapisha makala zaidi ya 20. Ukimsikia mhadhiri anasema kazi kubwa haiwezekani mpaka upate chuo kikubwa, mtajie Howard ya miaka ya 1940.

Mtu wa hisabati tupu aligeukaje mtakwimu?

Kwa mhadhara mmoja. Mwaka 1945 alikwenda kwenye kikao cha tawi la Washington la Chama cha Takwimu cha Marekani kumsikiliza Meyer Abraham Girshick, aliyekuwa mtakwimu katika Wizara ya Kilimo. Girshick alizungumzia uchambuzi wa hatua kwa hatua, yaani kupima kitu kimoja kimoja na kuamua kila mara kama uendelee au usimame, badala ya kujifunga na idadi tangu mwanzo. Alitaja mlinganyo wa mtakwimu Abraham Wald: wastani wa jumla utakayoipata ni wastani wa idadi ya vipimo ukizidishwa kwa wastani wa kipimo kimoja, mradi uamuzi wa kusimama hautegemei vipimo vya mbele ambavyo hujaviona.

Blackwell hakuamini. Akarudi nyumbani, akatunga mfano aliodhani unauvunja mlinganyo huo, akampelekea Girshick kwa posta. Mfano ulikuwa na kasoro. Girshick angeweza kuitupa barua ile. Badala yake alimwalika wakutane, na urafiki wao ukazaa makala, na mwaka 1954 kitabu cha pamoja kuhusu nadharia ya michezo (hisabati ya maamuzi ya watu wanaoshindana) na maamuzi ya kitakwimu. Makala ya kwanza ya Blackwell katika takwimu, ya mwaka 1946, inahusu mlinganyo ule ule wa Wald.

Walimu wa vyuo vyetu wanaopokea barua za vijana wasiowajua wakumbuke mwenendo wa Girshick.

Kanuni ya Rao-Blackwell inasema nini, kwa lugha ya kawaida?

Tumchukue wakala wa pesa kwa simu anayefungua kibanda saa kumi kwa siku. Anataka kujua uwezekano wa kukaa saa nzima bila mteja hata mmoja, labda ili ajue kama anaweza kutoka akanunue chakula. Tuseme wateja huja kila mmoja kivyake, bila kufuatana, kwa kasi ile ile siku nzima. Watakwimu husema wanafuata mgawanyo wa Poisson.

Kisio la hovyo kabisa ni hili: atazame saa ya kwanza tu. Kama hakuja mtu, aandike 1. Kama alikuja, aandike 0. Akirudia hivyo kwa siku nyingi na kupiga wastani, atakaribia jibu sahihi, kwa hiyo kisio halielemei upande wowote. Lakini kwa siku moja halimfai kitu, maana linaruka toka 0 hadi 1 kama hakuna cha katikati.

Sasa ahesabu wateja wa siku nzima. Tuseme walikuwa 20. Ukishaijua jumla hiyo, kujua nani alikuja saa ngapi hakukuongezei habari yoyote kuhusu kasi ya wateja. Kila mmoja wa wale 20 angeweza kuangukia saa yoyote kati ya kumi, kwa hiyo uwezekano wa yeye kutokuja saa ya kwanza ni 9/10. Ili wote 20 wasije saa ya kwanza, unazidisha 0.9 kwa yenyewe mara 20. Jibu ni kama 0.12. Kisio lililokuwa 0 au 1 sasa ni 0.12. Bado halielemei upande, na mtawanyiko wake, yaani kuyumba kwake siku hadi siku, umeshuka sana.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Chukua kisio lolote lisiloelemea upande, tafuta wastani wake kwa sharti kwamba tayari unaujua muhtasari unaobeba habari yote ya data. Utakachopata hakitakuwa kibaya kuliko ulichoanza nacho, na karibu kila mara kitakuwa bora. Kinachonivutia ni kwamba kanuni haikudai uanze na wazo zuri. Ukianza hata na lile la saa moja tu, inakufikisha mahali pa heshima.

Rao na Blackwell waliiandika pamoja?

Hapana. C. R. Rao aliichapisha mwaka 1945 akiwa kijana huko Calcutta, India. Blackwell aliifikia kwa njia yake na kuichapisha mwaka 1947, akiipeleka pia kwenye upimaji wa hatua kwa hatua. Wengine huongeza jina la Mrusi Kolmogorov. Nalipenda hili: vijana wawili, mmoja chini ya ukoloni wa Waingereza na mwingine chini ya ubaguzi wa Marekani, na vitabu vyote vya dunia vimeyaunganisha majina yao.

Alifanya nini na nadharia ya bunduki?

Kati ya 1948 na 1950 alifanya kazi majira ya joto katika shirika la RAND, California, lililokuwa linatafitia jeshi la anga. Swali lilikuwa hili: watu wawili wanasogeleana, kila mmoja ana bunduki yenye risasi moja. Kadiri wanavyokaribiana, shabaha inaboreka. Ukifyatua mapema utakosa, ukichelewa utatanguliwa. Ufyatue lini?

Jibu linategemea kama mlio unasikika. Tuseme wote wana shabaha sawa inayopanda polepole kutoka 0 hadi 1. Mlio ukisikika, kila mmoja afyatue uwezekano wa kupiga ukifika nusu. Mlio usiposikika, mambo yanageuka: usifyatue kamwe kabla ya uwezekano kufika theluthi, na baada ya hapo chagua wakati wako kwa bahati nasibu yenye mgawanyo maalumu, ili mwenzako asiweze kukukisia. Blackwell aliichambua michezo hiyo kwa shabaha za kila namna, na humo ndimo alimozoea kufikiri juu ya maamuzi dhidi ya mtu anayefikiri pia.

Kwa nini alihamia upande wa Bayes?

Kwa swali aliloshindwa kulijibu. Akiwa RAND, mchumi mmoja alimjia akiandaa ushauri kuhusu fedha za utafiti za jeshi la anga. Kama vita kubwa iko karibu, fedha zielekezwe kwenye mambo ya haraka. Kama iko mbali, ziende kwenye utafiti wa msingi. Akauliza: uwezekano wa vita kubwa katika miaka mitano ijayo ni kiasi gani? Blackwell akajibu kama alivyofundishwa, kwamba swali hilo halina maana, kwa kuwa uwezekano ni wa mambo yanayorudiwa rudiwa, na vita hiyo ni tukio moja. Mchumi akamwambia kwamba watakwimu wengine nao walimjibu hivyo hivyo, akaondoka mikono mitupu.

Jibu lile lilimkera mwenyewe aliyelitoa. Muda si mrefu alizungumza na Leonard Jimmie Savage, aliyeshikilia kwamba uwezekano unaweza kuwa kipimo cha imani ya mtu, kinachorekebishwa kila habari mpya inapoingia. Tangu hapo Blackwell akawa mfuasi wa njia hiyo, iitwayo ya Bayes, na kitabu chake cha kufundishia wanaoanza, cha mwaka 1969, kimejengwa juu yake, jambo ambalo wakati huo lilikuwa nadra.

Namwelewa yule mchumi kabisa. Waziri wa afya anayetaka kujua uwezekano wa mlipuko mwaka huu hasaidiwi na mtaalamu anayemwambia swali lake halina maana.

Ana kazi gani nyingine zinazotumika hadi leo?

Nyingi, nami nitaje chache. Kanuni yake ya 1948 inahusu vitu vinavyobadilishwa vinapokufa, kama balbu, na inakuambia kwa muda mrefu utegemee kubadilisha vingapi katika kipindi fulani. Makala zake za 1951 na 1953 zilieleza lini jaribio moja linatoa habari nyingi kuliko jingine kwa kila mwenye uamuzi wa kufanya, na wachumi wanazitumia hadi leo. Mwaka 1956 alipanua nadharia ya michezo kwa malipo yenye pande nyingi, kazi ambayo baadaye imeonekana kushabihiana kabisa na mbinu za kompyuta kujifunza papo kwa papo. Makala za 1962 na 1965 ziliweka misingi ya upangaji wa maamuzi yanayofuatana, ambamo leo hukaa sehemu ya akili mnemba.

Berkeley ilibadilika lini?

Mwaka 1954 Neyman alimwita tena, na safari hii ikawezekana. Mwaka 1955 takwimu ikawa idara yenyewe, Blackwell akawa profesa kamili, na miaka hiyo hiyo akawa rais wa Taasisi ya Takwimu za Kihisabati. Akawa mwalimu mweusi wa kwanza kupewa ajira ya kudumu Berkeley. Kuanzia 1957 hadi 1961 aliongoza idara, mrithi wa Neyman mwenyewe. Akafundisha hadi 1988.

Waliopita darasani kwake humsifu kwa jambo moja kuliko yote: alifundisha kitu kigumu kikaonekana chepesi bila kukipunguza. Yeye mwenyewe alisema hakuvutiwa na utafiti, alivutiwa na kuelewa. Wakati mwingine ili uelewe jambo inabidi ulifanyie kazi mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyelifanya kabla yako. Ndiyo maana makala zake ni fupi na zimesambaa katika matawi mengi. Akishaelewa, aliondoka.

Alikuwa na kinyongo kwa aliyotendewa?

Katika mahojiano ya uzeeni hakuzungumza kwa uchungu. Alisema alizitarajia kazi za vyuo vya weusi na alizifurahia. Hilo ni lake, na linaheshimika. Sisi tunaosoma habari zake hatuna sababu ya kulitumia kuwasafisha waliomzuia. Miaka 12 ilipita kati ya usaili wa kwanza wa Berkeley na mwaliko wa pili, na wanafunzi wa Berkeley wa miaka hiyo ndio waliokosa mwalimu.

Alipata heshima gani, na Afrika je?

Mwaka 1965 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nadharia ya John von Neumann, yenye jina la yule yule aliyemuuliza mbona hujaja. Vyuo 12 vilimtunuku shahada za heshima, zikiwemo za Harvard na Yale, na kutoka bara letu Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho. Mwaka 2014, miaka minne baada ya kifo chake, Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Taifa ya Sayansi.

Chipu za NVIDIA zinazoitwa Blackwell zinamhusu?

Ndiyo. Kampuni hiyo ya chipu za kompyuta ilizitangaza Machi 2024 na kuzipa jina lake.

Nikitaka kumsoma mwenyewe, nianzie wapi?

Anza na makala ya 1947 katika jarida la Annals of Mathematical Statistics. Ni kurasa sita tu, na matoleo ya zamani ya jarida hilo yanasomeka bure mtandaoni. Kabla ya kuifungua, fanya hesabu ya wakala kwa namba zako: hesabu bodaboda zinazopita, wagonjwa wanaofika zahanati, chochote kinachokuja kimoja kimoja. Halafu tafuta mazungumzo marefu aliyofanya na mtakwimu Morris DeGroot, yaliyochapishwa mwaka 1986, ambamo anasimulia mwenyewe mengi ya haya. Ukifika kwenye sehemu ya makala ya 1947 inayohusu upimaji wa hatua kwa hatua, iweke pembeni kwanza mpaka uwe umeuelewa mlinganyo wa Wald.